Karatasi za Kampuni ya Umwimbu

Ofisi ya Ushirika, Kibondo
2 Juni 2014

Mama Firdausi, shikamoo.

Ni mimi William, mpangaji wako wa chumba cha uani, yule wa Korogwe uliyekuwa ukimcheka kwa kula ugali kwa uma. Nilipohamishiwa huku Kibondo niliahidi kukuandikia, na huu ni mwaka wa tatu sijaandika hata mstari. Leo naandika kwa sababu nina shida. Najua utanisema. Nisamehe.

Kuna kampuni ya Burundi inaitwa Umwimbu. Inataka kununua maharage yote ya vikundi vyetu vya Busunzu na Murungu, kaya mia tatu na kumi. Watachukua mzigo kwanza na kulipa baada ya siku thelathini, kwa bei ambayo hakuna mnunuzi wa hapa anayeikaribia. Kazi yangu kama afisa ushirika ni kuwaambia wakulima kama kampuni ina uwezo wa kulipa. Nimeletewa faili zuri tu: cheti cha usajili wa Bujumbura, hesabu za miaka miwili kwa Kifaransa, ripoti ya mkaguzi wa hesabu, na barua ya mdhamini ambaye kampuni yake iko Kigali. Nimeandika ofisi ya usajili Bujumbura kuuliza, kimya. Wa usajili wa Kigali wamenijibu kwamba kampuni ya mdhamini ipo, basi. Hesabu za kampuni binafsi hawampi kila anayeuliza.

Wewe umeuziana nafaka na watu wa upande ule tangu marehemu mumeo yuko hai. Naomba uniulizie, ni kampuni ya kweli au jina tu. Simu usipige. Ofisini tuko watatu chumba kimoja, na wakala wao, Isack, anashinda kwenye benchi letu la wageni kama mtumishi mwenzetu. Barua mpe dereva wa basi, nitaifuata stendi mwenyewe.

Mpangaji wako,
William Shemkai


Kasulu, 5 Juni 2014

William,

Marahaba. Uma wako upo, nimeutunza. Miaka mitatu kimya, halafu barua ya kwanza ni maharage ya watu. Haya, tumeshazoea kutumiwa.

Nimeziona nakala za hesabu ulizoambatanisha. Sijui Kifaransa, na hata ningejua nisingehangaika. Karatasi za kampuni anaziandika mwenye kampuni. Mimi nikitaka kumjua mnunuzi naulizia makuli wanaompakilia mzigo, naulizia fundi anayemshonea magunia, namwulizia mwenye ghala kama kodi inaingia. Mtu anaweza kumdanganya afisa, lakini kuli ambaye hajalipwa hanyamazi. Shemeji yangu Nurudini ana duka Buyenzi, pale Bujumbura. Leo hii nampelekea ujumbe na mtu ninayemwamini, aende ofisi ya usajili, halafu aende kwenye hiyo anwani akaone kwa macho yake.

Ila na mimi nina swali. Mtu anayeogopa kupigiwa simu ofisini kwake ana jambo jingine. Umewasainia hao watu chochote? Nijibu kwa wino.

Rabia


Kibondo, 9 Juni 2014

Mama Firdausi, shikamoo.

Asante sana kwa kumtuma Bwana Nurudini. Umeniuliza kuhusu kusaini. Mkataba bado haujasainiwa, utasainiwa siku ya kupakia, Jumamosi tarehe 28. Kwa hiyo muda upo, ingawa si mwingi.

Sina jambo jingine, ni wasiwasi tu. Juzi nilikuwa Busunzu. Mwenyekiti wa kikundi kule ni mama mmoja anaitwa Philomena, mjane, ana watoto watano na eneo la ekari mbili. Si msemaji. Aliniacha nieleze habari ya hesabu zilizokaguliwa, mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza mbele ya wote: "Afisa, yangekuwa maharage yako ungewapa?" Nikasema ningewapa. Wakapiga makofi. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Isack si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Amezaliwa hapa hapa Kibondo, anaongea Kiha na wazee mpaka wanasahau kuondoka. Mimi baada ya miaka mitatu najua salamu ya "mwakeye" peke yake. Anatusaidia sana pale ofisini.

Nasubiri majibu kwa hamu.

William


Kasulu, 17 Juni 2014

William,

Keti chini kabla hujasoma.

Nurudini alikwenda ofisi ya usajili. Cheti ni cha kweli, kampuni ipo. Hesabu hakuonyeshwa, wakamwimbia wimbo ule ule uliojibiwa wewe na Kigali. Lakini kuna karani wa kodi anayesali naye msikiti mmoja, akamsomea kwa mdomo yale ambayo Umwimbu wameyapeleka huko. Miaka miwili hawajauza hata gunia. Kwenye hesabu ulizoletewa wewe wanauza mpaka Uganda. Akaenda kwenye ghala. Kufuli limeota kutu, mwenye ghala hajaona kodi tangu Januari, na makuli wa mtaa ule hawajawahi kubeba maharage ya mtu anayeitwa Umwimbu.

Hayo ni ya Bujumbura. Sasa sikia ya kwangu. Siku mbili baadaye watu wawili waliingia dukani kwa Nurudini, hawakununua kitu, wakamuuliza ni nani wa Kasulu anayetaka kuijua Umwimbu. Amefunga duka, yuko kwa wakwe zake, na mke wake ananilaumu mimi. Na Ijumaa amekuja Isack mwenyewe hapa kwangu. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alivaa vizuri, akakaa kwenye gunia la mchele, akaomba chai, akaisifia. Tukazungumza bei. Alipoinuka akaniambia kwa upole kabisa: "Na Firdausi anaendeleaje huko Kigoma? Bweni lao si lile la karibu na geti?"

William, nisikilize. Mtoto wangu ana miaka kumi na sita, na wewe tu huko Kibondo ndiye unayejua anasoma wapi. Jina langu wamelipata wapi? Nijibu hilo kabla ya lingine lolote. Na uniletee majina ya hao wenye kampuni, na ya mkaguzi, na ya mdhamini. Tangu mwanzo umenitumia tarakimu peke yake, kama vile pesa hujiandika zenyewe.

Rabia


Kibondo, 20 Juni 2014

Mama Firdausi,

Ni mimi nilimwambia. Sikukusudia ubaya. Alinikuta nimeshika kichwa, akaniuliza nina nini, nikamwambia nina dada yangu mfanyabiashara Kasulu ananihakikishia mambo kidogo, ili asione kama namshuku mimi binafsi. Akaniuliza habari zako kama mtu anavyoulizia habari za ndugu wa mwenzake, nami nikaropoka mpaka Firdausi na shule yake. Nimelia niliposoma barua yako. Nakuomba umtoe mtoto pale shuleni, nauli nitatuma mimi.

Lakini hebu nisaidie kufikiri, maana hofu inanifanya nione vibaya tu. Wafanyabiashara wangapi wanapeleka kwenye kodi hesabu ndogo kuliko za kweli? Wewe mwenyewe unawajua. Na ghala wanaweza kuwa wamehama. Kinachonizuia kusema hawa ni wezi ni kwamba walioniandikia ni watu watatu tofauti, wa nchi mbili. Mkurugenzi ni Ndayiragije. Mkaguzi wa hesabu ni mama mmoja, Uwimana, ana ofisi yake mwenyewe. Mdhamini ni Niyibizi, mwenye kampuni Kigali. Majina matatu, koo tatu. Nakala za vitambulisho vyao vyote vya Burundi ninazo humu kwenye faili. Mtu anaweza kudanganya, lakini watu watatu wasiohusiana waweke majina yao kwenye uongo mmoja?

Malori yanakuja Jumamosi ya tarehe 28. Wakulima wameshaanza kushona magunia.

William


Kasulu, 23 Juni 2014

William,

Firdausi nimemtoa. Yuko kwa mtu, sikwambii ni wapi, na nauli yako kaa nayo.

Nilimsomea Sylvesta barua yako. Sylvesta ndiye mkubwa wa makuli wangu, wazazi wake walihamia hapa kutoka Burundi kabla hajazaliwa. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza huyo afisa ametoka wapi. Nikasema Korogwe. Akasema basi, ndiyo maana.

Kwenu na kwetu sisi wenye asili ya pwani mtoto anabeba jina la baba yake, la babu yake, la ukoo. Ukiona Shemkai wawili unajua ni ndugu. Kwa Warundi kila mtoto anapewa jina lake peke yake siku anapozaliwa. Watoto saba wa nyumba moja wana majina saba, na hakuna hata moja la baba yao. Mimi nimeishi Kasulu maisha yangu yote na ninalijua hilo, ungenipa majina tangu barua ya kwanza tusingefika hapa.

Sasa fungua faili. Kwenye vile vitambulisho, chini ya jina la mtu, kuna mahali pameandikwa "Se", ni baba yake, na "Nyina", ni mama yake. Kwa Kiha ni hivyo hivyo, mtoto yeyote wa shule hapo Kibondo angekusomea. Soma vyote vitatu. Soma mwenyewe, usimwite mtu.

Na kama hao watu walithubutu kukuletea vitambulisho, ujue walikuchagua. Afisa angekuwa Mha wasingevileta.

Nakuuliza mara ya pili: umesaini nini?

Rabia


Kibondo, 24 Juni 2014

Mama Firdausi,

Nimesoma. Cha Ndayiragije: Se, Bigirindavyi. Nyina, Nahimana. Cha Uwimana: Se, Bigirindavyi. Nyina, Nahimana. Cha Niyibizi hivyo hivyo. Wote wamezaliwa kilima kimoja, tarafa moja. Watoto watatu wa tumbo moja. Mmoja ameandika hesabu, dada yake akazikagua, kaka yao akazidhamini kutoka Kigali, na mimi nimekuwa nikipita navyo vijijini nikiwaambia watu kwamba nchi mbili zimethibitisha.

Nilisaini. Tarehe 12 Mei, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Ni barua ya ofisi yenye muhuri, inasema nimepitia hesabu za Umwimbu na kuridhika kwamba kampuni ina uwezo wa kulipa. Isack alisema wanaihitaji benki tu. Siku hiyo hiyo alinipa simu mpya, ya kugusa, akasema ni ya kurahisisha kazi. Niliipokea. Nilikuandikia wewe ili uniambie kwamba sikukosea.

Nikisema ukweli sasa ni kazi yangu, labda na jela. Mke wangu ni mjamzito, yuko Korogwe anasubiri nimtumie. Nikinyamaza, watu wa Philomena wanaingia msimu wa kupanda hawana mbegu wala ada. Naogopa, utaona hata mwandiko. Niambie la kufanya.

William


Kasulu, 26 Juni 2014

William,

La kufanya unalijua. Unataka nikutume mimi ili baadaye useme ulitumwa.

Mimi pia naogopa. Duka nalifunga saa tisa. Kila lori likisimama nje nachungulia kwanza. Mwanangu ananiuliza kwa nini haendi shule, namdanganya kwamba kuna homa bwenini. Kwa hiyo usinisimulie hofu yako.

Nenda Busunzu kabla ya malori. Usiende na hotuba. Wapelekee vitambulisho, hao watu wanaelewa lugha iliyoandikwa pale kuliko wewe.

Rabia


Kibondo, 30 Juni 2014

Mama Firdausi, shikamoo, na Ramadhani njema.

Sikwenda kabla ya malori. Nakwambia kweli. Ijumaa nilifika mpaka njia panda ya Busunzu, nikageuza pikipiki. Jumamosi nilipofika, magunia arobaini yalikuwa yameshapakiwa, mizani imening'inia, na Isack anaandika kwenye daftari huku akitaniana na akina mama.

Nilikwenda kwa Philomena nikamwambia nina jambo la kusoma. Nikasimama pale penye mizani. Nikasoma kitambulisho cha kwanza, Se fulani, Nyina fulani, kwa matamshi yangu mabaya, na vijana wakacheka. Nikasoma cha pili. Kicheko kikakatika. Cha tatu sikukifikia, akina mama walikuwa wameshaanza kuguna na kuulizana, na mzee mmoja akanipokonya karatasi akasoma mwenyewe. Ndipo nikawaambia na lile langu, barua ya tarehe 12 Mei na simu. Sikuficha. Philomena hakunitazama. Aliwageukia makuli akasema: "Shusheni."

Wakashusha yote. Isack hakugombana na mtu. Alifunga daftari lake, akanipitia karibu, akaniambia polepole nisikie mimi tu: "Afisa, kwenye karatasi hii kuna mkono wako. Wangu haupo popote." Akapanda lori la mbele wakaondoka. Polisi wanasema hawajui alipo.

Leo nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Simu nimeikabidhi polisi na maelezo nimeandika. Murungu nao wamerudisha maharage yao ndani. Hata gunia moja halikutoka. Nimelala jana kwa mara ya kwanza.

William


Kasulu, 5 Julai 2014

William,

Umefanya la mwanaume, hilo nakupa, ijapokuwa ulichelewa. Firdausi nimemrudisha shule, namwulizia hali kwa simu ya mwalimu kila siku mbili. Nurudini amefungua duka.

Ningependa niishie hapo. Lakini yale malori yalikodiwa hapa hapa Kasulu, na mmoja wa madereva, Athuman, nimemfahamu miaka mingi. Jana alikuja kununua tende za kufuturu akaanza kulalamika kwamba Isack hajamlipa. Nikamuuliza atalipwaje wakati Busunzu hawakupakia. Akasema hadai ya Busunzu, anadai ya Gwarama, kule Kakonko. Tarehe 21 Juni malori mawili yalipakia Gwarama yakajaa, yakavuka mpaka wa Burundi pale Mabamba. Alipouliza kama wakulima wamelipwa aliambiwa watalipwa baada ya siku thelathini, na kwamba karatasi zipo. Mwenyekiti wa Gwarama alimwonyesha mwenyewe. Ilikuwa nakala ya barua yako.

Nimekuandikia kwa sababu ungekuwa wewe ungetaka kujua.

Rabia


Kibondo, 10 Julai 2014

Mama Firdausi, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilikwenda kumwona mkubwa wangu nikamweleza. Akaniambia Gwarama ni Kakonko, na Kakonko tangu juzi juzi ni wilaya nyingine, ina maafisa wake, jambo hilo si letu na mimi nimesimamishwa, nisilitie mkono. Nikamwambia watu wa kule bado wanaamini muhuri wa Kibondo kwa sababu ndio wanaoujua tangu zamani. Akasema basi wataujua wa kwao. Sidhani kama ni mtu mbaya. Na yeye anaogopa.

Ni kaya sitini na moja. Nimeulizia. Walitoa yote, hata ya mbegu, kwa sababu barua ilisema afisa ameridhika. Siku ya thelathini ni tarehe 21 mwezi huu. Habari za Busunzu hazijawafikia, au zimewafikia wakadhani ni kampuni nyingine. Hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyepangwa kuwaambia. Nikikaa kimya watalijua siku hiyo, wakiwa wamekaa na madaftari yao wanasubiri gari la pesa.

Jana nilimtumia ujumbe mwenyekiti wao, mzee Ildefonce, kwamba kesho, tarehe 11, nakwenda kwao, mimi ndiye yule afisa wa kwenye barua. Sikusema zaidi, niliona haya si ya kumwambia mtu kwa kupitia kwa mtu. Safari hii nitakuwa peke yangu, sina kitambulisho cha kuwasomea wala gunia la kushusha. Mzigo umekwenda. Sijui watanifanya nini, na sijui kama nitarudi na pikipiki hii. Nimemwandikia mke wangu barua nyingine, iko kwa mama mwenye nyumba wangu wa hapa, aitume nisiporudi.

Majibu ya mzee Ildefonce yamefika leo asubuhi. Anasema walikuwa wakitafuta namna ya kunishukuru kwa ile barua. Kikundi kimechanga, wamenunua mbuzi, na wanaomba nisile kitu njiani.

William